Mgongo wa Fundi Sentimita

Jina la Sentimita dada yangu alibandikwa na mteja. Mama mmoja alikuja saa nne asubuhi kuchukua gauni la kuvaa kwenye harusi ya binti yake, dada akakataa kulitoa kwa sababu pindo la upande wa kushoto lilikuwa limeshuka sentimita moja. Yule mama akasema haoni. Dada akasema yeye anaona. Mama akasema harusi ni saa nane mchana na hakuna mgeni atakayekuja na rula. Wakati huo dada ameshaanza kufumua. Basi mteja akajibwaga kwenye benchi, akanitazama mimi kana kwamba nina mamlaka yoyote mle ndani, akauliza, "Huyu ni fundi au ni sentimita?" Jina likanata. Hata shemeji, mume wa dada, alimwita hivyo nyumbani, ila alimchungulia uso kwanza.

Mimi ni mdogo wake kwa miaka sita, na ni fundi wa pili katika duka la mafundi wawili. Duka lenyewe ni chumba kimoja kinachotazama barabara: meza ya kukatia katikati, cherehani mbili dirishani, kioo kirefu ukutani, na pazia kwenye kona kwa ajili ya wanaojaribu nguo. Ukuta wa kulia tunachangia na mpiga pasi, mzee asiyependa maneno, ambaye namheshimu kwa sababu mimi nayapenda mno. Dada alikata, mimi nilishona. Kukata ni kazi ya kusimama. Alisimama mezani tangu asubuhi mpaka jua linapungua, chaki sikioni, na nikimwambia akae kidogo alinijibu kwamba anayekata amekaa anakata alichokikalia.

Ufundi alitufundisha mama yetu, na kabla hajaturuhusu kugusa mkasi alitufundisha neno moja: mwili wa mteja haukosei, inayokosea ni nguo. Mteja akija na bega moja limeshuka, usimwambie limeshuka. Tia pamba ndani ya nguo na ufunge mdomo. Akija na tumbo, ongeza kitambaa mbele. Akija na mguu mmoja mfupi, pandisha pindo upande mmoja, aondoke akijiona yuko sawa na wenzake. "Watu hawaji kwetu kukaguliwa," mama alikuwa akisema. "Wanakuja kusitiriwa." Tulilishika neno hilo, na ndilo lililotujazia wateja. Mafundi wa mtaa wa pili walikuwa wanasema mbele za watu, "Mama, hapa nyuma umejaaliwa," kisha wanashangaa kwa nini yule mama anatufuata sisi.

Wanasema kinyozi hajinyoi. Na fundi hajibani pini mgongoni. Nguo za dada alizikata mwenyewe, lakini aliyepiga magoti nyuma yake na kubana nilikuwa mimi, tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Nayaandika haya mapema ili asije mtu akanihurumia pasipostahili.

Siku ya kwanza ilikuwa gauni lake la kijivu. Alinipa mgongo mbele ya kioo, akasema, "Hebu nitazame. Hili pindo lina nini?"

Pindo la nyuma lilikuwa limepanda na la mbele limeshuka. "Kitambaa kimerudi," nikamwambia. "Si uliona wivu kukilowesha kabla ya kukata?"

"Uvivu, si wivu. Na mvivu ni wewe."

Nikabana, nikashusha nyuma, nikapandisha mbele, likakaa sawa. Baada ya miezi mitatu likakataa tena, safari hii likimbana kwenye mabega kwa nyuma na kupwaya kifuani. Tukaachia mshono wa nyuma, tukapunguza mbele. Nikamtania kwamba anazidi kunenepa mgongo wakati wenzake wananenepa mahali pa maana. Alicheka hadi akashika kiuno, kisha akabaki amekishika, akasema mgongo unamuuma kidogo. Nikamuuliza fundi gani haumwi mgongo. Alipaka dawa ya kuchua, akarudi mezani.

Tuliendelea hivyo miaka miwili. Tulitia pamba bega la kulia. Tulihamisha zipu. Dada akaona kuachia mishono hakutoshi, akajichorea kielelezo kipya cha karatasi, na mimi nikampima ili tuandike kwenye daftari la vipimo kama tunavyomwandikia kila mteja. Shingoni hadi kiunoni kwa nyuma alikuwa na arobaini, sasa ana arobaini na tano. Kwa mbele alikuwa na arobaini na mbili, sasa ana thelathini na sita. Namba hizo nilizisoma kwa sauti na yeye akaziandika, na hakuna kati yetu aliyeinua macho. Tulikuwa tunatafuta nguo ikae sawa. Ikakaa. Gauni alilolikata kwa vipimo vile lilimkaa vizuri kuliko yote aliyowahi kuvaa, na wateja wawili waliagiza mshono kama ule.

Iliyotufumbua macho ni mvua. Ilikuwa saa tisa mchana, dada anataka kupeleka sare za wauguzi kwenye zahanati ya ng'ambo ya barabara, na mpiga pasi akamwazima koti lake la mvua, koti la dukani, lililoshonwa na mashine kwa ajili ya mtu yeyote. Dada akalivaa akatoka. Mimi nilikuwa mlangoni. Alipofika katikati ya barabara nikaona ameficha kitu kikubwa ndani ya koti, hapo kati ya mabega, nikadhani ni lile furushi la sare. Nikamwita.

"Dada, umebeba nini mgongoni?"

Aligeuka akanionyesha furushi. Alikuwa amelipakata mikononi. "Sijabeba kitu," akasema.

Koti lilikuwa limening'inia mbele hadi chini ya magoti, na nyuma limepanda hadi mapajani. Mvua inampiga, na yeye amesimama pale akiningoja niseme nilichomwitia. Ndiyo mara ya kwanza niliuona mwili wa dada yangu kwa miaka miwili. Mpiga pasi, aliyekuwa kando yangu, alisema neno moja tu: "Hospitali." Nilimchukia papo hapo, na sijui kwa nini nilimchukia yeye.

Hospitali kubwa ilituchukua wiki saba. Walidhani kifua kikuu cha uti wa mgongo, wakapima, wakasema sicho. Walidhani saratani, wakatoboa kwa sindano ndefu wakachukua kipande, kikaenda maabara, wakasema siyo. Mwishowe tukapelekwa kwa daktari mpasuaji wa mgongo, mtu mnene mwenye sauti ndogo, ambaye hakuweza kueleza jambo bila kulichora. Dada alimpa jina la Penseli kabla hatujakaa vizuri kwenye viti.

Penseli alituwekea picha kwenye taa. Ningependa kusema sikuelewa, lakini hata mtoto angeelewa. Uti wa mgongo unashuka pingili kwa pingili, wazi, mweupe, kisha unafika mahali hakuna kitu. Pingili moja haipo. Ya juu yake na ya chini yake zimebaki ukungu. Na pale pasipo na kitu, mgongo umejikunja kuelekea mbele.

"Mfupa unayeyuka," akasema. "Mahali pake panajaa vijishipa vya damu na majimaji. Ni ugonjwa wa nadra sana. Mimi nimeuona mara moja tu, nikiwa mwanafunzi."

"Unatokana na nini?" shemeji akauliza. Shemeji ni karani wa posta, mtu wa fomu, na alikuwa amekuja na kalamu ili ajaze sababu.

"Hatujui."

"Hamjui, au bado hamjapima?"

"Hatujui, baba. Hakuna anayejua."

Kisha akauliza tatizo lilianza lini. Dada akanitazama, na mimi nikatoa daftari la vipimo mkobani, kwa sababu nilikuwa nimelibeba siku zote hizo kama mwizi anayezunguka na alichoiba. Penseli alifungua ukurasa wa dada. Alisoma tarehe, akasoma namba, akageuza, akarudi nyuma. Alisoma muda mrefu sana kwa mtu anayesoma namba kumi na nne.

"Sijawahi kuletewa ugonjwa uliopimwa hivi," akasema taratibu, na hakuuliza zaidi. Alinakili zote kwenye faili. Nilitamani anitukane.

Mama alipofika kutoka kwake, akiwa na miaka sabini na minne na fimbo asiyopenda watu waione, alikaa kando ya kitanda alicholazwa dada hospitali, akamshika mkono. "Ilianza lini, mwanangu?"

"Juzi juzi tu, mama," dada akasema. Mama akageuza macho kwangu. Nikasema ndiyo, juzi juzi.

Watu waliokuja kumwona walitupiga vijembe vya huruma. Mficha maradhi kifo humuumbua, alisema jirani mmoja, tena mlangoni, akidhani sauti yake ni ndogo. Nilitamani kumfuata nje nimweleze kwamba sisi hatukuficha maradhi. Tuliyashonea. Ila tofauti yake sikuweza kuieleza hata kwa nafsi yangu, kwa hiyo nilinyamaza, jambo ambalo dada alisema limemtisha kuliko picha ya Penseli.

Hadi hapo alikuwa anatembea. Nyayo zilikuwa zinawaka moto na vidole vimekufa ganzi, lakini anatembea. Penseli alilisema bila kuzunguka: mgongo ukizidi kujikunja utaibana mishipa ya fahamu iliyomo ndani yake, na miguu itakufa. Alitaka kumfungua mgongo, atie vyuma viwili vya kuunyoosha, avifunge kwa skrubu kwenye pingili tatu za juu na tatu za chini ya pengo, kisha achukue mfupa kutoka nyonga aujaze pale palipo wazi, ili pakishikana pawe kitu kimoja. Alichora yote hayo. Dada alimtazama akichora kama anavyomtazama mwanafunzi wa ufundi.

"Kwa hiyo unakata nyonga unatia kiraka mgongoni," akasema.

"Ndiyo. Kiraka."

"Daktari, kiraka kinashonewa kwenye kitambaa kizima. Ukikishonea palipooza, uzi unakata. Kandokando ya hilo tundu, pazima?"

Penseli aliweka penseli chini. "Hapo ndipo panaponinyima usingizi, mama. Pingili za jirani zimeanza kulegea. Zitashika skrubu, naamini. Kwa muda gani, sijui. Na mwili ule ule ulioyeyusha wa kwanza unaweza kuyeyusha na wa nyonga."

"Nisipofanya?"

"Miguu inakwenda. Miezi, si miaka."

"Nikifanya, nitasimama mezani?"

"Ndicho tunachokitafuta."

Hakusema ndiyo. Nililisikia hilo, na dada alilisikia, na shemeji pia, maana aliisoma fomu ya ridhaa mara mbili na mkono wake ukaenda polepole kwenye saini. Lakini mfa maji haachi kutapatapa. Dada alitia saini ya kwake haraka, kama mtu anayefunga hesabu ya siku, akaniambia niende dukani nikamalizie suti ya mwalimu wa hesabu, mwisho wa mkono wa kulia usivute.

Upasuaji ulichukua saa tisa. Tulikaa kwenye benchi la korido, mama katikati, na kila nesi aliyepita tulimwamkia hata tuliyekwisha kumwamkia. Saa tisa zilipoisha Penseli alitoka na alama ya barakoa puani, akasema vyuma vimeingia, damu iliyopotea ni nyingi lakini wameirudisha, na mgongo umenyooka kiasi. Mama alimshika mikono yote miwili. Penseli aliitoa mikono yake kwa upole, na sikupenda jinsi alivyoitoa.

Siku ya kumi na mbili dada alisimama. Walimvalisha fulana ngumu ya plastiki, imetengenezwa hapo hospitali, inayofungwa kwa mikanda kuanzia kwapani hadi nyongani. Alisimama baina ya manesi wawili, uso umemtoka jasho, na neno lake la kwanza akiwa wima lilikuwa, "Nani kapima hii?" Fundi wa plastiki, kijana wa watu, akasema ni yeye. "Kwapa la kushoto umeliacha kubwa." Yule fundi akaangalia, akakuta ni kweli, akaondoka nayo akaenda kukata. Wodi nzima ilicheka. Mimi nilikwenda chooni nikalia, kwa sababu nilikuwa nimeanza kuamini.

Nikiulizwa ni nini kilikuwa kibaya zaidi katika hadithi yote hii, nitasema ni wiki zile tisa za kuamini. Alirudi nyumbani. Akarudi dukani, kwanza kwa kukaa tu na kunisumbua, kisha siku moja akasimama mezani. Alisimama dakika ishirini. Alikata mikono miwili ya blauzi, kitambaa chepesi kinachoteleza, na mkasi wake haukusita mahali hata pamoja. Mpiga pasi alikuja akaegemea mlango akamtazama, kisha akarudi kwake. Usiku huo shemeji alinipigia simu, tukakaa kwenye simu wote wawili tukicheka bure.

Mwezi wa tatu baada ya upasuaji tulikwenda kwa picha. Penseli aliiweka kwenye taa, na safari hii hakuchora. Vyuma viwili vilikuwepo, virefu, vinang'aa. Skrubu zilikuwepo. Pale katikati hapakuwa na kitu.

"Ule mfupa wa nyonga uko wapi?" nikauliza.

"Haupo."

"Umekwenda wapi? Si mliutia? Si tulikaa saa tisa kwenye benchi mkiutia?"

"Mwili umeunyonya wote," akasema. "Na hizi skrubu mbili za juu, unaona kivuli hiki cheusi kuzizunguka? Pingili nayo imeanza. Skrubu zinacheza."

Nilimwambia maneno ambayo sitayarudia. Dada alininyamazisha kwa mkono, kama anavyoninyamazisha mbele ya wateja, akauliza kinachofuata ni nini. Kilichofuata ni dripu ya dawa ya kukaza mifupa kila mwezi, na mionzi siku kumi na nne mfululizo, na vidonge ambavyo shemeji alivipanga kwa saa kwenye karatasi yenye mistari. Dada alifanya yote. Hakukosa dripu hata moja, na alipotapika alitapika akiangalia saa ili asichelewe kidonge kinachofuata. Picha ya mwezi wa tano ilionyesha kwamba ugonjwa haukuwa na habari na sisi.

Miguu iliondoka asubuhi moja mwezi wa sita. Alikuwa anatoka dukani kwenda kwa mpiga pasi, hatua nane, nimezihesabu, akiwa amevaa kandambili. Mguu wa kushoto uliinuka na kandambili ikabaki nyuma. Akaendelea kutembea hajui. Nikamwambia, "Dada, kiatu." Akatazama chini, akautazama mguu wake mtupu juu ya saruji, akakanyaga mara mbili kama anayejaribu kitu. "Sisikii sakafu," akasema. Jioni mguu wa kulia ukaufuata wa kushoto, na kesho yake asubuhi tulimbeba kwenye shuka hadi kwenye gari.

Penseli aliitisha wenzake. Wapasuaji watano walikaa na picha zake mchana mzima, mmoja akisikiliza kwa simu kutoka mbali, na baadaye Penseli alikuja wodini peke yake akavuta kiti. Alisema hawatafungua tena. Skrubu zilizomo zimelegea na hakuna mfupa wa kufungia nyingine. Kila wanachotia kinaliwa. Wakifungua, atakufa mezani kwa damu, au atatoka vilevile alivyoingia, na kidonda juu yake. Aliyasema hayo akimtazama dada usoni, na hilo namsifu nalo, ingawa sina sifa nyingi za kumpa.

"Basi sitasimama," dada akasema.

"Hapana, mama. Hutasimama."

"Na huu ugonjwa utaishia hapo?"

"Unapanda. Ukifika mbavuni utagusa pumzi. Sijui lini."

Dada akamshukuru. Penseli alipotoka nilimfuata koridoni. Nilikuwa na swali nililokuwa nalo tangu siku ya mvua, na nilikuwa nimelimeza kila siku kwa kuogopa jibu, na sasa niliona hakuna tena cha kuogopea.

"Daktari, tungekuja mwaka mmoja kabla?"

Alisimama. Alikuwa amechoka, shati la jana ndilo alilokuwa nalo mwilini leo, na nadhani mtu asiyechoka angenidanganya.

"Labda ugonjwa tusingeuzuia," akasema. "Mara nyingine unasimama wenyewe, mara nyingine hausimami. Lakini mwaka mmoja kabla, pingili za jirani zilikuwa nzima. Ningepata pa kufungia. Nadhani leo angekuwa anatembea."

"Unadhani."

"Nadhani. Pole sana."

Nilikaa kwenye lile lile benchi la korido sijui muda gani. Nilifikiria magoti yangu sakafuni nyuma yake, pini mdomoni, nikimwambia ageuke kidogo, asimame sawa, asipumue. Mikono yangu ilikuwa imepita juu ya kile kibyongo mara thelathini, arobaini, ikakilalia, ikakipima, ikakikatia kitambaa kinachokitosha. Hakuna daktari aliyewahi kukishika zaidi yangu. Kama nilikuwa na haki ya kulia, siku hiyo sikuiona, kwa hiyo nilinawa uso na kurudi wodini.

Dada alikuwa amelazwa ubavu, amegeukia mlango. "Amesema nini?"

"Si umemsikia? Hawafungui tena."

"Hicho nimekisikia. Nakuuliza ulichomfuatia."

Mimi si mwongo mzuri. Maneno yangu mengi yote ni ya kweli, ndiyo maana yanakera. Lakini nilivuta kiti cha Penseli, nikaketi, nikamwangalia dada yangu, nikasema, "Nilimuuliza kama tungewahi. Amesema hata tungewahi, ingekuwa hivi hivi tu. Ni ugonjwa wa namna hiyo."

Kwenye kitanda cha jirani mtu alikuwa anakunja shuka.

"Mimi nilimuuliza juzi," dada akasema. "Hakunijibu hivyo."

Sikuwa na pa kujificha. Niliona aibu, na chini ya aibu kulikuwa na huzuni kubwa ambayo haijaondoka mpaka ninapoandika hapa. Dada alinyoosha mkono, akanishika kifundo cha mkono kwa vidole viwili.

"Tushike hilo lako," akasema. "Ni zuri. Mume wangu akiuliza, mwambie hilo. Na mama akiuliza, mwambie hilo hilo."

Mama alifika saa kumi na chupa ya chai. Alikuwa ameshakutana na shemeji langoni, kwa hiyo alijua kwamba hakuna upasuaji mwingine. Aliegemeza fimbo ukutani, akamfunika dada miguu, miguu isiyosikia kama imefunikwa au haikufunikwa, akaanza kuikanda. Aliikanda kwa muda bila kutuangalia.

"Na kama tungemleta mapema?" akauliza.

"Ingekuwa hivi hivi, mama," nikasema. "Daktari amesema."

Akaacha kukanda. "Amesema kweli hivyo?"

"Ndivyo, mama," dada akasema. "Hata mimi aliniambia hivyo."